AC ya mama nesi wa Pasua: geji inasema sawa, chumba kinachemka

Kisa hiki ni cha mwezi wa pili hapa Moshi, na mwezi wa pili Moshi mnaujua, mlima unauona asubuhi tu, ukishajifunika ndo basi, na kuanzia saa saba mchana mabati yanalia. Mimi ni fundi wa friji na AC. Kazi nyingi zangu ni friji za maduka, zile za soda kwa Mangi, AC za majumbani huku kwetu sio nyingi kama Dar, ila kila mwaka zinaongezeka, na kila mwaka nakutana na ugonjwa uleule, mteja anakwambia kabla hujavua viatu: "fundi, gesi imeisha".

Nyumba iko Pasua, barabara ya vumbi, mwenye nyumba ni mama mmoja nesi mstaafu. Mzee wake kalala kitandani mwaka wa tatu sasa, joto halimwezi, kwahiyo kijana wao aliyeko Dar aliwafungia AC chumbani, ya BTU 12,000 (ndo ukubwa wa kupooza), sio inveta ile inayojipunguza spidi yenyewe, gesi yake aina ya R410A. Ilifanya kazi vizuri miaka miwili na nusu. Afu ikaanza kuleta shida.

Historia aliyonipa mama kwenye simu ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi na mbili mashine ya ndani ikawa inadondosha maji ukutani, ukifungua kifuniko unaona barafu. Akaja fundi wa kwanza, akafunga geji, akasema presha iko chini, akajaza gesi, elfu sitini. Barafu ikapotea kweli. Lakini chumba hakikupoa kama zamani, na baada ya wiki mbili tatu ikawa inajikata yenyewe mchana. Akaja fundi wa pili, akaosha mashine ya nje kwa maji, akaongeza gesi "kidogo", ikatulia siku mbili, ikarudi palepale. Akaja tena akasema kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, imechoka, inunuliwe nyingine, laki nne na nusu na ufundi juu. Ndo mama akaanza kuuliza watu kanisani kama kuna fundi mwingine, jina langu likafika.

Sasa naanza na kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema hiki kisa kitaonekana kama mimi ni mjanja kuliko wale wawili, na siku ya kwanza sikuwa.

Nilienda saa tatu asubuhi. Hewa ya nje nyuzi 23, upepo mzuri, mtu yeyote angeweza kulala bila AC. "Shikamoo mama", "marahaba baba, karibu", nikawasha, mashine ikaitika, kompresa ikawaka. Geji ya presha ikasoma PSI 118. Kwa R410A hiyo ni namba nzuri, ukiwa kwenye 110 mpaka 130 hivi unatulia. Nikachomeka themomita mdomoni mwa AC, 12. Chumba 24. Tofauti ya nyuzi 12, safi. Ampia, yaani umeme inaovuta, ikanisumbua kidogo, kibao cha mashine kimeandika 5.3, klampu mita yangu inasoma 5.9, lakini nikasema ah, umeme wenyewe huu wetu. Nikapima kapasita ya kompresa, kile kidude kinachoisaidia kuanza na kuzunguka, imeandikwa 35 na inaruhusiwa kupungua asilimia 5, ikasoma 31 na nusu. Hapo nikafurahi, mchawi kapatikana! Nikabadilisha, nikamwambia mama tatizo lilikuwa kapasita, kompresa yako nzima, usinunue. Nikanywa mtori, nikalipwa, nikaondoka.

Kesho yake saa kumi jioni simu. "Baba, imezima tena. Na mzee ametoka jasho mpaka shuka imelowa." Akaongeza kwa upole, na huo upole ndo uliniuma: "ulikuja asubuhi, na mimi nilisahau kukwambia kwamba asubuhi huwa haiumwi."

Nikarudi kesho yake mchana, na safari hii mama akatoa daftari. Jamani. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi sijawahi kuona mteja ameiwekea AC chati kama mgonjwa wa wodini. Tarehe, saa, hali ya hewa, "inapuliza baridi", "inapuliza hewa tu", "imezima", "imewaka tena", na pembeni namba za LUKU, mita ya umeme, kila siku saa moja usiku. Alikuwa ameandika hata alichosema fundi wa kwanza: "presha 85, inatakiwa 120, ameongeza". Nikakaa kwenye kochi nikasoma kurasa sita, na humo ndani jibu lilikuwepo karibu lote. Asubuhi nzuri. Saa sita inapuliza baridi "ila haifiki kitandani". Kuanzia saa nane inazima, dakika 40 mpaka saa nzima, inawaka, inazima. Saa tatu usiku nzuri tena. Siku moja iliyonyesha mvua, haikuzima kabisa.

Ile "haifiki kitandani" niisome mara mbili. Kitanda kiko mita mbili na nusu kutoka kwenye mashine.

Kompresa iliyochoka haichagui saa. Ikiwa imekufa valvu ndani itakuwa mbovu asubuhi na mbovu jioni, labda jioni zaidi, lakini haitakuwa nzima kwa siku ya mvua na mgonjwa kwa siku ya jua. Kitu kinachofuata jua ni kushindwa kutoa joto nje. Na baridi ambayo ipo lakini haifiki kitandani, hiyo sio shida ya baridi, ni shida ya upepo. Kwahiyo nilikuwa na magonjwa mawili, moja ndani moja nje, na nikawa na wasiwasi kuna la tatu, lile walilolileta mafundi.

Saa nane na robo nikawasha. Nje kivulini 33, chumbani 31. Nikafunga geji: 120. Tena nzuri! Themomita mdomoni: 11. Nzuri pia! Ila safari hii nikafanya kitu ambacho siku ya kwanza sikukifanya, nikachukua kipande kimoja cha karatasi ya choo nikakishika mbele ya mdomo wa AC, feni ikiwa kwenye spidi ya juu kabisa. AC nzima inakirusha kipande kile kinalala kabisa kwa upepo. Hiki kilikuwa kinatikisika tu kama pazia la dirisha lililofungwa nusu.

Nikatoka nje na karatasi yangu. Watu wengi hawajui kwamba mashine ya nje inavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, kule kwenye koili, yale mabomba yenye mapezi yanayopitisha joto, na inatoa kwa mbele kwenye wavu wa feni. Nikapitisha mkono nyuma, nikaweka karatasi kwenye koili, nikaachia. Inatakiwa ing'ang'anie pale. Ikaanguka chini kama jani.

Klampu mita nikaiacha inasoma. Kuanza 6.1. Baada ya dakika kumi 6.7. Dakika ya ishirini 7.2, na hewa inayotoka mbele chache na moto kama mdomo wa jiko. Dakika ya 27 ilikuwa 7.6, afu "tak", kompresa ikazima, feni zote mbili zinaendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea. Hiyo "tak" ni kinga ya joto ya kompresa inajikata ili isiungue, na hairudi mpaka kompresa ipoe, ndo yale mama aliyaandika dakika 40 mpaka saa nzima. Mashine haikuwa inakufa, ilikuwa inajiokoa.

Sasa hapa ndo penye utamu wa kisa, na ndo sababu nakiandika, vipi geji iseme 120 kwenye mashine iliyo hoi namna hii?

Mashine hizi ndogo za majumbani zina sehemu moja tu ya kufunga geji, upande wa bomba nene, gesi inaporudi kutoka ndani. Presha pale inakwambia koili ya ndani ina baridi kiasi gani. Kwa R410A, 118 ni kama nyuzi 4 na kitu, na ukishuka chini ya 100 hivi koili iko chini ya sifuri, unyevu wa chumbani unaganda juu yake. Sasa presha hiyo inashuka kwa sababu mbili kubwa tofauti kabisa. Moja, gesi imepungua. Mbili, gesi iko kamili ila hewa ya chumbani haipiti vizuri kwenye koili, kwahiyo gesi haipati joto la kuchukua, haichemki vizuri, presha inashuka. Geji haiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili. Inaonyesha 85 tu, basi.

Fundi wa kwanza aliona 85 na barafu, akaamua ni ile ya kwanza. Ilikuwa ya pili. Akajaza gesi, na kwa sababu mashine hizi zina kapilari, kale kabomba kembamba ka shaba kasikojirekebisha, ukijaza gesi presha inapanda kila mahali, ya kurudi na ya kwenda. Ya kurudi ikapanda mpaka 120, barafu ikayeyuka, kila mtu akapiga makofi. Barafu iliondoka, ugonjwa ukabaki. Makosa mawili yakawa yanafichana, upepo mdogo unaivuta presha chini, gesi nyingi inaisukuma juu, sindano inasimama katikati pazuri kabisa. Na presha ya kwenda, ile ya upande wa nje ambayo hakuna pa kuipima, ikawa imepanda juu sana. Kwa baridi ya asubuhi inavumilia, kwa jua la saa nane koili ya nje imeziba, inashindwa. Chati ya mama inaeleweka yote sasa.

Nikapiga simu kwa dogo wangu alete vifaa, mimi nikaanza kufungua ya ndani.

Filta zilikuwa safi. Mama alikuwa anasisitiza tangu mwanzo, "filta binti anaosha kila mwezi", na kweli zilikuwa zinang'aa. Lakini moja ilikuwa imepinda kama chapati iliyokauka, binti alikuwa anaianika juu ya bati juani, plastiki ikajikunja, ukiirudisha inaacha upenyo wa vidole viwili pembeni. Na mbele ya nyumba mwaka jana greda lilikuwa linachonga barabara miezi kadhaa. Vumbi lote la Pasua lilikuwa linaingia kwa ule upenyo.

Nikawasha tochi ya simu nikamulika mdomoni ndani, kwenye bloa, lile feni refu kama rola. Bloa ina visahani vingi vyembamba vilivyopinda, kila kimoja ni kama kijiko, kinachota hewa kinaitupa mbele. Nikachukua njiti ya kiberiti nikakwangua kijiko kimoja. Likatoka kipande cha vumbi lililoshikana, la kijivu, nene kama kitambaa cha blanketi, kikiwa na umbo lilelile la kijiko. Vijiko vyote vilikuwa vimejaa hivyo. Kijiko kilichojaa ugali hakichoti mchuzi. Feni inazunguka spidi yake yote, mlio wake wote, na hewa haitoki. Mama akachungulia akasema "yesu wangu, na mzee anavuta hii?" na mimi sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Ya nje sikuweza kuona nyuma kwa macho, kuna nafasi ya kiganja tu kati yake na ukuta, nikaingiza simu ikiwa inarekodi video na taa imewashwa. Kuitazama, nikacheka. Koili nzima nyuma imevaa sweta. Manyoya ya kuku, yale laini ya chini, yamechanganyika na vumbi na masizi. Banda la kuku liko hatua tatu kutoka pale, na pembeni ya banda ndo jiko la kuni la makande. Mashine inavuta upepo mchana kutwa, manyoya na moshi vinakuja vyenyewe, mafuta ya moshi yanafanya gundi. Fundi wa pili aliyeosha alipiga maji mbele, kwenye wavu wa feni, pale palikuwa pasafi kama sahani. Aliosha uso wa mtoto mwenye kinyesi matakoni, mtanisamehe.

Kuosha kwenyewe sitarefusha. Umeme zima kwenye breka sio kwenye rimoti, na kapasita itoe chaji kabla hujaigusa maana inapiga hata umeme ukiwa umezimwa. Ya ndani nikaifunga mfuko wa nailoni chini maji yaende kwenye ndoo, nikatumia bomba la kupulizia dawa ya kahawa, ila jipya ambalo halijawahi kuonja dawa, na sabuni isiyo kali. Mashine ya kuoshea magari hapana, inalaza yale mapezi ya koili na ukishayalaza umeziba hewa mwenyewe. Ya nje nikaifungua ganda, nikatoa manyoya kwa mkono kwanza, afu maji kutoka ndani kwenda nje, uchafu utoke njia uliyoingilia. Ndoo ya kwanza ya ndani ilitoka nyeusi kama kahawa. Ya nne ndo ikaanza kuonekana maji.

Kabla ya kugusa gesi nikawasha tena, na hii naisisitizia kwa mafundi wenzangu, maana ndo kipimo kilichofunga kesi. Karatasi ya choo mbele ya AC ikalala kabisa. Karatasi ya nyuma ya mashine ya nje ikang'ang'ania. Na geji? Ikapanda mpaka 150. Hewa imerudi, koili inapata joto lake, ile nguvu iliyokuwa inavuta sindano chini imeondoka, sasa gesi iliyozidi inaonekana peupe. Ampia 6.6, imeshuka lakini bado iko juu ya kibao.

Mtu mwingine angefungua valvu akaachia gesi kidogo hewani mpaka geji isome 120 akaondoka. Wanafanya wengi. Mimi sitaki, kwanza R410A haitobozi ozoni kama R22 ya zamani lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu mbili kuliko uzito uleule wa hewa ukaa, pili hujui mafundi wawili waliotangulia walichanganya nini humo, tatu mashine hii haijazwi kwa geji, inajazwa kwa mzani. Kibao kimeandika gramu 820. Nikaazima mashine ya kuvutia gesi kwa rafiki yangu, tukavuta yote kwenye mtungi tupu uliopimwa, mzani ukasoma gramu 1,150. Imezidi gramu 330, asilimia 40! Na ukumbuke hii ndo mashine ambayo wote tuliambiwa "gesi imeisha".

Maana gesi ya AC haiishi. Mtungi wa jikoni unaisha kwa sababu unauchoma, ya AC inazunguka tu ndani ya bomba, leo, kesho, miaka kumi. Ikipungua imevuja mahali, na anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nikaweka naitrojeni mpaka 350, nikapaka povu la sabuni kwenye nati zote nne, tukaacha saa nzima. Sindano haikutikisika. Haikuwa na tundu, na haikuwahi kupungukiwa.

Kwenye vakyumu, yaani kuvuta hewa yote itoke kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi, kukatokea kituko kidogo. Dogo wangu alisomea Dar, akawasha pampu, baada ya robo saa akaniita, "bro, pampu yako mbovu, imegoma kwenye inchi 27 za zebaki, haifiki 30". Nikamwambia hiyo 30 uliiacha baharini. Geji hizi za sindano zinapima kwa kulinganisha na hewa iliyotuzunguka, na Moshi tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 800 na kitu mpaka 900 kutegemea uko mtaa gani, hewa ni nyepesi zaidi, kwahiyo hata ukivuta mpaka kusibaki kitu sindano itaishia kwenye 27 hivi. Arusha mjini, mita 1,400, itaishia kwenye 25 na kitu. Nimeshasikia mtu kanunua pampu mbili Arusha akitafuta 30. Tukaiacha ivute dakika 40, tukafunga valvu, tukazima pampu tukasubiri dakika 20, sindano ikakaa palepale.

Tukajaza gesi mpya, gramu 820 kwa mzani. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125 nusu kwa nusu, kwahiyo inatoka kwenye mtungi ikiwa maji sio mvuke, angalia mshale kwenye mtungi wenyewe ukae juu au chini. Sehemu kubwa iliingia kwa vakyumu mashine ikiwa imezimwa, iliyobaki tukaipa kidogokidogo kompresa ikiwa inazunguka.

Giza lilikuwa limeingia tukasema majibu kesho, saa ileile ya ugonjwa. Nikarudi saa nane mchana, nje 34. Chumba kilianza 31, baada ya dakika 50 kilikuwa 25. Hewa inayoingia 26, inayotoka 15. Geji 124. Ampia 4.9. Tukaiacha mpaka saa kumi na moja jioni haikuzima hata mara moja, na mama kakaa kwenye kiti na daftari lake kila nusu saa anaandika.

Angalia hapo kitu, siku ya ugonjwa hewa iliyotoka ilikuwa 11, siku ya kupona ni 15. Mtu wa kupima kwa themomita peke yake angesema imeharibika. Hewa kidogo inayokaa muda mrefu kwenye koili inatoka baridi sana, ila ni kikombe kimoja cha maji ya barafu kwenye karai. Chumba kinapoozwa na wingi wa hewa mara ubaridi wake, sio ubaridi peke yake, na mimi siku ya kwanza nilidanganywa na hiyohiyo 12 yangu.

Umeme nao nisiuache. Kwenye daftari kulikuwa na mizimo michache ya saa moja usiku ambayo haikuingia kwenye hadithi ya jua. Nikakaa mpaka saa moja kasoro, mtaa mzima umewasha pasi na majiko, nikapima kwenye soketi: volti 204, wakati mchana ilikuwa 228. Kompresa ya aina hii umeme ukishuka inavuta ampia zaidi, na kuanza kwake kunakuwa kwa shida, hapo kapasita iliyochoka ilikuwa inaongeza matatizo, kwahiyo nilivyoibadilisha sikukosea, nilikosea kusema ndo hiyo tu. Nikamwambia mama anunue friji gadi, kinga ya umeme unaopanda na kushuka, ila ile ya AC inayobeba ampia za kutosha na inayochelewesha kuwasha dakika tatu, sio ile ndogo ya friji, ile ndogo itayeyuka plagi. Kijana wake wa Dar akatuma hela siku hiyohiyo.

Hesabu ya LUKU mama aliifanya mwenyewe. Kabla, siku ambayo inahangaika na chumba hakipoi, AC inakesha bila kupumzika, nyumba inakula yuniti 14, 15. Wiki iliyofuata zikawa 9. Kwa yuniti moja shilingi 356 hivi, hiyo ni kama elfu mbili kwa siku zilizokuwa zinapuliziwa kuku. Mimi nilimtoza elfu tisini jumla na gesi, na ile ya kapasita ya siku ya kwanza nikamrudishia ufundi wake, kapasita yenyewe tu ndo akalipia.

Watu wananiuliza mtu wa kawaida angeangalia nini kabla ya kuita fundi, nawaambia karatasi ya choo, vipande viwili. Kimoja mdomoni mwa ya ndani, kimoja nyuma ya ya nje. Afu tochi kwenye bloa, filta zikae kwenye nafasi yake bila upenyo na zianikwe kivulini, na uandike saa inayoumwa. Kama karatasi zote mbili zinaitika vizuri na bado haipoozi, hapo ndo uite mtu mwenye geji, na umuulize ana mzani? Akikwambia mzani wa nini, mpe chai aende. Ukiona barafu zima upande wa baridi, acha feni tu ipulize mpaka iyeyuke, usichokonoe kwa kisu, nimeshaona koili imetobolewa kwa bisibisi huko mtaa wa Majengo, na hapo gesi iliisha kweli.

Kuhusu banda la kuku tulibishana sana. Mimi nikataka lihame, mama akasema kuku walikuwepo kabla ya AC. Tukakubaliana binti awe anapitisha brashi laini nyuma ya koili kila Jumamosi. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya daftari, mwandiko ule wa manesi, umenyooka: "Saa 8 mchana, 25. Saa 10 jioni, 25. Saa 1 usiku, 24, mzee ameomba shuka. Kuku bado wapo."